Kutoka Mirembe hadi Zahanatini na Kurudi: Historia ya Uratibu wa Huduma za Afya ya Msingi kwa Watu Wenye Magonjwa Makali ya Akili Tanzania Bara, 1904–2008

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uratibu wa huduma za afya ya msingi kwa watu wenye magonjwa makali ya akili Tanzania Bara, tangu Lutindi ilipoanza kupokea wagonjwa hao mwaka 1904 hadi ilipotungwa Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008. Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama safari ya huduma kutoka hospitali kubwa kwenda kijijini. Makala yanadai kwamba masimulizi hayo, ingawa si ya uongo, yanaficha swali moja la msingi: nani alikuwa na wajibu wa kujua kwamba mgonjwa aliyeruhusiwa hakurudi kuchukua dawa? Kwa kulinganisha Mpango wa Taifa wa Afya ya Akili na kliniki ya kifafa ya Mahenge, pamoja na Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, makala yanaonesha kwamba huduma zilisogezwa karibu na mgonjwa pasipo kuunganishwa, na kwamba kazi ya kuunganisha ilibaki mikononi mwa ndugu zake.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha mitaani Tanzania Bara, jina la Mirembe halihitaji maelezo. Mtu akimwambia mwenzake kwamba anafaa kupelekwa Mirembe, waliopo hucheka, na hakuna anayeuliza Mirembe ni wapi. Mzaha huo una historia ndani yake. Kitenzi kinachoambatana na jina hilo ni kupelekwa, nacho kiko katika kauli ya kutendwa. Mtu hupelekwa Mirembe. Ni nadra kusikia masimulizi ya namna mtu alivyorudi kutoka Mirembe, alipokewa na nani, na ni zahanati ipi iliyompa dawa mwezi uliofuata. Makala haya yanahusu sehemu hiyo ya safari isiyosimuliwa.

Kwa madhumuni ya makala haya, magonjwa makali ya akili ni yale yanayodumu au kujirudia na kumwondolea mtu uwezo wa kujitegemea, hususani skizofrenia na ugonjwa unaomtupa mtu kati ya furaha iliyopita kiasi na huzuni nzito. Kifafa si ugonjwa wa akili, lakini kinaingia katika mjadala huu kwa sababu ya kihistoria: nchini Tanzania, wenye kifafa wamehudumiwa kwa muda mrefu katika kliniki zile zile na kwa wauguzi wale wale wanaohudumia wagonjwa wa akili. Uratibu, kwa upande wake, unachukuliwa hapa kuwa na nguzo nne: mtu anayejulikana kuwa na wajibu, kumbukumbu inayomfuata mgonjwa popote anapokwenda, dawa isiyokatika, na njia iliyo wazi kati ya kijiji na hospitali kwa pande zote mbili. Nguzo moja ikikosekana, zilizobaki huelemewa.

2.0 Lutindi na Mirembe: Taasisi na Njia ya Kwenda

Taasisi ya kwanza ya kutunza wagonjwa wa akili katika eneo ambalo leo ni Tanzania Bara ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, waliokuwa wameanzisha hapo makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, waliigeuza Lutindi kuwa mahali pa wagonjwa wa akili mwaka 1904. Msingi wa matunzo ulikuwa kazi za shamba na maisha ya pamoja, kwa mfano wa taasisi mama ya Bethel huko Bielefeld. Wakati huo dawa ya kutibu skizofrenia haikuwapo popote duniani. Hivyo, kuilaumu Lutindi kwa kutofuatilia matibabu kijijini ni kuilaumu kwa kukosa kitu ambacho hakikuwepo.

Serikali ya Waingereza ilifungua hospitali ya Mirembe mjini Dodoma mwaka 1927. Mji huo upo kwenye reli ya kati, takribani katikati ya nchi, na kwa macho ya mtawala unafikika kutoka pande nyingi. Kwa familia iliyoishi Songea au Bukoba, Dodoma ilikuwa safari ya siku kadhaa na gharama isiyobebeka. Sheria ya kikoloni ya magonjwa ya akili ilimfikisha mgonjwa hospitalini kwa amri ya mahakama, na wale waliotenda makosa ya jinai walihifadhiwa katika taasisi ya jirani ya Isanga. Mfumo huo ulikuwa na karatasi za kutosha kwa safari ya kwenda: hati ya hakimu, cheti cha daktari, askari wa kumsindikiza. Kwa safari ya kurudi, mpokeaji aliyetazamiwa alikuwa ndugu wa mgonjwa. Mfanyakazi wa afya aliyeko karibu na kijiji chake hakuwa na nafasi katika utaratibu huo.

Jambo hili lina uzito kwa hoja ya makala. Tangu mwanzo, dola ilijijengea uwezo wa kumwondoa mgonjwa katika jamii, na ikaichukulia jamii kuwa ina uwezo wa asili wa kumpokea tena. Dhana kwamba ukoo wa Kiafrika hauhitaji msaada katika kumtunza mgonjwa wake iliingia katika utawala kimyakimya. Itaonekana tena katika sehemu zinazofuata, safari hii ikiwa imevaa vazi la sera njema.

3.0 Uhuru, Dawa Mpya na Mfano wa Mahenge

Mambo mawili yalibadilisha hali baada ya mwaka 1950. La kwanza lilikuwa dawa. Klopromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na katika miongo iliyofuata dawa za aina hiyo zilienea duniani, zikiwemo sindano za fluphenazini zinazofanya kazi kwa wiki kadhaa. Kwa mara ya kwanza iliwezekana mtu mwenye skizofrenia kuishi nyumbani kwake, kulima shamba lake, na kwenda kuchomwa sindano kwa vipindi. Matibabu hayakudai tena ukuta. Yalidai ratiba.

La pili lilikuwa mwelekeo wa siasa. Ripoti ya Richard Titmuss na wenzake kuhusu huduma za afya za Tanganyika, iliyotolewa mwaka 1964, ilitilia mkazo vituo vya afya vya vijijini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 na mpango wa pili wa maendeleo ulioanza mwaka 1969 viliupa mwelekeo huo nguvu ya dola. Vituo vya afya vya vijijini, vilivyokuwa ishirini na ushei wakati wa uhuru, vilizidi 200 ilipofika mwaka 1980, na zahanati zilihesabika kwa maelfu. Katika kipindi hicho hicho vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa ajili ya kuwarekebisha wagonjwa wa akili, kimojawapo kikiwa Vikuruti, kinachohusiana na hospitali ya Muhimbili. Wazo la vijiji hivyo lilikuwa kumpa mgonjwa daraja kati ya wodi na nyumbani.

Kabla ya hatua hizo za kitaifa, mfano mdogo ulikuwa umejitokeza Mahenge, katika wilaya ya Ulanga. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa mnamo mwaka 1960. Alikuta watu wenye makovu ya moto kwa sababu ya kuanguka jikoni, waliotengwa na majirani walioamini kwamba ugonjwa huambukizwa kwa mate. Aliwapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, na kuwaandikisha. Kwetu sisi, jambo la kuzingatia zaidi lilitokea mwaka 1992, pale Jilek-Aall na H. T. Rwiza walipochapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa muda wa miaka 30. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilihusiana na kifafa chenyewe.

Matokeo hayo yanahuzunisha, lakini uwezekano wa kuyapata ni ushahidi wa aina yake. Katika eneo la milimani lenye barabara mbaya, ilikuwa inawezekana baada ya miaka 30 kusema ni nini kilichompata kila mtu kati ya watu 164. Hilo liliwezekana kwa sababu walikuwa na majina katika orodha, na kulikuwa na watu waliojali orodha hiyo. Mahenge inaondoa udhuru mmoja ambao hutolewa mara kwa mara, kwamba kufuatilia wagonjwa wa muda mrefu vijijini ni jambo lisilowezekana.

4.0 Mpango wa Taifa wa Afya ya Akili

Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya kamati ya wataalamu iliyozishauri nchi zinazoendelea ziwape wafanyakazi wa afya ya msingi kazi ya kutambua na kutibu magonjwa ya akili yaliyopewa kipaumbele. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliifanya huduma ya afya ya msingi kuwa lugha ya ulimwengu mzima. Tanzania, ambayo tayari ilikuwa na mtandao wa zahanati, ilikuwa mahali pa kufaa kwa jaribio. Katika miaka ya 1980 Mpango wa Taifa wa Afya ya Akili ulianza kwa majaribio katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark kupitia Danida.

Mantiki ya mpango ilikuwa rahisi na yenye heshima. Wafanyakazi wa zahanati na vituo vya afya wangefundishwa kutambua wenye maradhi ya akili na kifafa, wangepewa dawa chache muhimu, na wangesimamiwa na wauguzi wa magonjwa ya akili walioko wilayani na mkoani. Mgonjwa mgumu angepelekwa juu, na mgonjwa aliyetulia angerudishwa chini. Kutokana na utaratibu huu kiliimarika cheo ambacho hadi leo kinajulikana katika halmashauri zetu: mratibu wa afya ya akili.

Mafanikio ya mpango hayapaswi kubezwa. Ulithibitisha kwamba tabibu wa kituo cha afya na muuguzi wa zahanati wanaweza kumtibu mtu mwenye skizofrenia karibu na kwake, jambo ambalo miaka 20 kabla lingeonekana ndoto. Hata hivyo, ukiutazama kwa kutumia nguzo nne zilizotajwa katika utangulizi, udhaifu wake unaonekana mahali pamoja. Nguzo ya mtu mwenye wajibu ilikuwepo, nayo ndiyo iliyobebeshwa nguzo nyingine tatu. Mratibu alikuwa muuguzi mmoja kwa wilaya nzima, mara nyingi akiwa pia na zamu ya wodini. Yeye ndiye aliyekumbuka wagonjwa na kufuata dawa mkoani, na ndiye aliyetafuta nafasi katika gari la chanjo au la mganga mkuu wa wilaya ili afike zahanati za mbali. Alipohamishwa au kustaafu, kumbukumbu ya uhusiano kati ya hospitali na vijiji iliondoka naye.

Mazingira ya kiuchumi yaliuongezea udhaifu huo uzito. Mpango ulizaliwa katika miaka migumu kuliko yote tangu uhuru, baada ya vita vya Kagera, mafuta yakiwa adimu na fedha za kigeni zikiwa zimekauka. Kuanzia mwaka 1984 Mpango wa Dawa Muhimu ulipeleka dawa za vijijini kwa masanduku yenye idadi iliyopangwa tayari. Masanduku hayo yaliziokoa zahanati nyingi, lakini utaratibu wake uliwafaa zaidi wagonjwa wa siku chache, kama wa malaria au kuhara. Mtu anayehitaji dawa ile ile kila mwezi kwa maisha yake yote hahudumiwi vizuri na sanduku lisilojua kwamba yeye yupo. Ufadhili wa nje wa mpango ulipokoma, na uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, misamaha iliyowekwa kwa wagonjwa wa muda mrefu haikuweza kuleta dawa pale ambapo rafu ilikuwa tupu.

5.0 Kioo cha Kifua Kikuu

Je, udhaifu huo ulitokana tu na umaskini? Jibu linaweza kutafutwa kwa kuutazama mpango mwingine uliofanya kazi katika nchi ile ile, miaka ile ile na wilaya zile zile. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, akawa mshauri wake mkuu. Nao ulikuwa na mratibu katika kila wilaya, na ulitegemea zahanati na wauguzi wa kawaida. Katika muongo uliofuata ulijulikana duniani kote, na Shirika la Afya Duniani liliutumia kama msingi wa mkakati wake wa kupambana na kifua kikuu katika miaka ya 1990.

Tofauti kubwa ilikuwa katika daftari. Mratibu wa kifua kikuu aliandika jina la kila mgonjwa aliyeanza dawa, na kwa kila jina alitakiwa baadaye kutoa jibu: amepona, amekamilisha dozi, amefariki, ametoroka matibabu, au amehamishiwa wilaya nyingine. Jina lisilo na jibu lilikuwa kasoro iliyoonekana kwenye taarifa ya robo mwaka. Mgonjwa aliyehamia wilaya nyingine alikwenda na karatasi, na wilaya iliyompokea ilipaswa kujibu. Dawa ziliagizwa kwa kuzingatia idadi ya majina, na usafiri wa mratibu ulikuwa sehemu ya bajeti.

Kwa upande wa afya ya akili, taarifa zilizopanda kutoka zahanati kwenda juu zilikuwa kwa sehemu kubwa hesabu za mahudhurio, na utaratibu huo uliendelea hata baada ya mfumo wa taarifa za huduma za afya, MTUHA, kuenea katika miaka ya 1990. Hesabu ya mahudhurio humwona aliyekuja. Asiyekuja haonekani. Katika ugonjwa ambao dalili yake mojawapo ni mgonjwa kuamini kwamba haumwi, asiyekuja ndiye anayepaswa kutafutwa kwanza.

Ni haki kukiri kwamba ulinganisho huu una mipaka. Tiba ya kifua kikuu ya wakati huo ilikuwa na mwisho, kwa kawaida miezi minane, na mafanikio yake yalipimika kwa hadubini. Skizofrenia haina siku ya kupona inayoweza kuandikwa kwenye safu ya daftari. Aidha, kifua kikuu huambukiza, na wafadhili hutoa fedha kwa urahisi zaidi kwa ugonjwa unaoweza kuwafikia. Pamoja na hayo, Mahenge inaonesha kwamba orodha ya majina inaweza kuwafaa hata watu wenye ugonjwa usio na mwisho. Hivyo basi, kilichokosekana katika Mpango wa Afya ya Akili kilikuwa zaidi ya fedha. Lilikosekana swali rasmi ambalo mtu fulani alilazimika kulijibu kila robo mwaka: fulani bin fulani yuko wapi?

6.0 Mwili wa Mgonjwa wa Akili

Kuna pengo jingine ambalo historia ya usogezaji wa huduma imelifunika. Sera zote zilizojadiliwa ziliuliza namna ya kupeleka tiba ya akili katika zahanati. Ni mara chache zilipouliza namna ambavyo mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili atapata huduma nyingine za zahanati hiyo hiyo: kupimwa kikohozi kinachodumu, shinikizo la damu, sukari, au ujauzito. Zahanati ilimpokea kwa jina la ugonjwa wake mmoja. Akilalamika maumivu ya kifua, ni rahisi malalamiko yake kuandikwa kuwa sehemu ya wazimu.

Swali hili si dogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu afya ya mwili ya watu wenye magonjwa makali ya akili unaeleza kwamba watu hao hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na kwamba vifo vingi hutokana na magonjwa ya mwili yanayozuilika. Kwa mtazamo huo, daftari la kifua kikuu na kliniki ya akili katika wilaya moja vilipaswa kufahamiana. Mtu mmoja angeweza kuwa na jina katika daftari la kwanza na kuwa tarakimu tu katika taarifa ya pili, huku waratibu wawili wanaotumia ofisi za jirani wakikosa utaratibu wa kuambiana habari zake. Mtu pekee aliyejua magonjwa yote mawili alikuwa mama yake, au dada yake, aliyemsindikiza siku zote mbili.

Hapa ndipo dhana ya kikoloni iliyotajwa katika sehemu ya pili inaporejea. Ujamaa ulisisitiza wajibu wa jamii kwa nia njema, nayo sera ya uchangiaji ilimrudishia mzigo ndugu kwa lazima ya kiuchumi. Katika vipindi vyote, ukoo ulihesabiwa kuwa ni rasilimali isiyo na gharama. Ndugu ndio waliobeba kadi na kukumbuka tarehe ya sindano, na ndio waliochagua kati ya hospitali na mganga wa jadi kulingana na nauli iliyokuwepo. Kwa maana halisi, wao ndio waliokuwa waratibu, bila mafunzo na bila kutajwa katika taarifa yoyote.

7.0 Hitimisho

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliondoa sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni na kuweka utaratibu mpya wa matunzo, ulinzi na kulazwa kwa hiari au bila hiari. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini, kama ilivyokuwa kwa sheria iliyotangulia, uzito wake mkubwa upo kwenye mlango wa hospitali: nani aingie, kwa idhini ya nani, na kwa muda gani. Maisha ya mgonjwa baada ya kutoka katika mlango huo yameachwa zaidi kwa miongozo na kwa moyo wa mfanyakazi mmoja mmoja.

Makala haya yameonesha kwamba katika kipindi cha zaidi ya miaka 100, Tanzania Bara ilipiga hatua kubwa ya kusogeza huduma karibu na mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili, na hatua fupi zaidi ya kuunganisha sehemu za huduma hizo. Mfano wa Mahenge na ule wa kifua kikuu unathibitisha kwamba kuunganisha kuliwezekana katika mazingira hayo hayo, palipokuwa na orodha ya majina na mtu anayeulizwa kuhusu kila jina. Tafiti zijazo zinaweza kuanza na madaftari yaliyobaki katika makabati ya hospitali za wilaya, kabla mchwa hawajayamaliza, na kuwasikiliza ndugu waliofanya kazi ya uratibu kwa miongo mingi. Bila ushahidi wao, historia ya afya ya akili nchini itaendelea kuwa historia ya watu waliopelekwa.